Kabla ya Kutuma na ya Kutolea

Anayetaka kununua jokofu kwa muuzaji wa Instagramu asiyemjua huwa na maswali mengi. Picha ni za kwake kweli? Mbona bei iko chini kuliko ya dukani? Wale wafuasi elfu arobaini ni watu au wamenunuliwa? Yote ni maswali ya maana, lakini lenye uzito kuliko yote huja mwishoni, muuzaji anapoandika: "Tuma kwenye namba hii, na ya kutolea." Mtu anavyotaka kulipwa ndivyo anavyokuonyesha kama kesho ataonekana.

Ushauri unaosambaa mitaani umesimama juu ya kipimo kibovu: kwamba malipo ya kizamani ndiyo ya kitapeli na ya kisasa ndiyo salama. Watazame wanaoagiza magari Japani. Mteja wa Dar es Salaam au Mombasa hadi leo hulipa kwa TT, njia ya kibenki iliyozaliwa enzi za telegramu. Hulipa kabla gari halijapanda meli, tena kwa kampuni ambayo hajawahi kukanyaga ofisi yake. Kwa sura tu, jambo hilo linatisha. Lakini ankara ina namba ya chasisi, akaunti ina jina lilelile la kampuni, na gari likishapakiwa hutoka hati ya shehena inayotaja meli na bandari. Ndiyo maana biashara hiyo imedumu miaka yote hii. Tapeli wa magari utamjua pale anaposema kampuni imebadilisha benki wiki hii, au anapotaka pesa iingie kwenye akaunti ya mtu binafsi.

M-Pesa, kwa upande wake, ni changa: ilianza Kenya Machi 2007, Tanzania mwaka uliofuata. Hata hivyo, kumtumia mtu pesa kwenye namba yake binafsi kuna tabia zote za dirisha la Western Union: pesa hufika papo hapo, huchukuliwa kwa wakala, na ikishachukuliwa basi. Western Union, iliyoanza kusafirisha fedha mwaka 1871, ilikiri Januari 2017 mbele ya serikali ya Marekani kwamba ilichangia utapeli kwa kuwafumbia macho mawakala walioshirikiana na wahalifu, ikakubali kutoa dola milioni 586. Matapeli hawakuvutiwa na ukongwe wa kampuni hiyo. Walichopenda ni kwamba pesa ikishatoka dirishani haina pa kurudia. Ndiyo sababu pia wengine huomba namba za vocha za kukwangua.

Kwa hiyo kipimo changu ni kimoja: pesa ikishaondoka mkononi mwangu, kuna mtu yeyote kati yangu na muuzaji anayeweza kuizuia, au angalau kunionyesha ilikoenda? Jina linalotokea kwenye skrini kabla hujaweka namba ya siri ndiyo hatua ya kwanza ya kupata jibu, na wengi wetu tunaliruka kwa haraka. Duka linajitangaza kama kampuni ya samani, jina linalotokea ni la mtu asiyetajwa popote kwenye ukurasa wake: simama hapo. Lipa Namba yenye jina la biashara ni afadhali, maana kuna mtu aliyeijazia fomu. Kampuni iliyosajiliwa Tanzania huonekana kwenye kumbukumbu za BRELA, wakala wa usajili wa biashara. Tovuti nayo ina tarehe ya kuandikishwa ambayo yeyote anaweza kuitafuta bure. Inayojisifu kwa uzoefu wa miaka ishirini ilhali anwani yake ina mwezi mmoja imekwisha kujijibu.

Hapa lazima niwatendee haki mawinga wa Kariakoo. Winga hana fremu wala mzigo. Hupiga picha bidhaa za maduka ya wengine, huzituma kwenye makundi ya WhatsApp, na mteja wa Songea akishalipa ndipo huenda kununua, kufunga na kupakia kwenye basi. Anataka pesa kwanza kwa sababu hana mtaji, na mara nyingi anaipokea kwenye namba yake mwenyewe. Ukitumia kipimo changu bila huruma, utawakataa vijana na kina mama wengi waaminifu. Wapo pia wanunuzi wanaowaumiza wauzaji: Kenya, mtu hupokea mzigo kisha hutuma ujumbe wa muamala kwenda 456, namba ya kuomba pesa irudishwe, akidai alikosea namba. Kutoaminiana huku kuna pande mbili, na anayedhani mnunuzi daima ndiye mnyonge hajawasikiliza wauzaji.

Ndiyo maana sioni kama elimu kwa umma peke yake itatutoa hapa. Tanzania iliagiza laini zote zisajiliwe kwa alama za vidole, na Januari 2020 ikaanza kuzima zile zisizosajiliwa. Leo mtu anaweza kubonyeza *106# akaona namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, na ujumbe wa kitapeli unaripotiwa kwa TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kupitia 15040. Hatua hizi ni njema. Lakini zote zinamwachia mwananchi kazi ya kushtuka, kukagua na kuripoti, na akilizwa hasara ni yake peke yake. Kampuni iliyobeba pesa na kukata makato yake haipotezi hata senti.

Kuna waliojaribu njia nyingine. China, mwaka 2004, Alibaba ilianzisha Alipay kwa sababu wanunuzi na wauzaji wa Taobao, soko lake la mtandaoni, walikuwa wanaogopana. Pesa ya mnunuzi ilishikwa katikati hadi akiri kwamba mzigo umefika. Uingereza imepita kwingine: tangu Oktoba 7, 2024, mteja aliyelaghaiwa akatuma pesa mwenyewe hurudishiwa hadi pauni 85,000, na gharama hugawanywa nusu kwa nusu kati ya benki iliyotuma na iliyopokea. Kugawana huko ndiko kunakonivutia. Taasisi inayompokelea tapeli pesa ina sababu ya kumchunguza, kwa kuwa hasara yake inaihusu.

Kwetu sidhani kama kanuni ya Uingereza ingefaa ilivyo. Faida ya muamala wa shilingi elfu thelathini ni ndogo, na kampuni ingeweza kuirudisha gharama hiyo kwenye makato ya bibi anayetumiwa pesa ya dawa kijijini. Ya Alipay inatufaa zaidi, ikirekebishwa kwa ajili ya winga. Mnunuzi achague kutuma malipo yanayosubiri: sehemu iachiliwe mara moja ili mzigo ununuliwe, iliyobaki ishikwe hadi atakapotaja msimbo wake akipokea kifurushi kituo cha basi. Siku zilizokubaliwa zikipita bila malalamiko, pesa imfikie muuzaji yenyewe. Winga mwaminifu atapata kitu ambacho leo hana, yaani namna ya kumshawishi mgeni. Atakayekataa utaratibu huo atakuwa amejitambulisha.

Mitambo ya kufanya hivyo si ya kubuni upya. Benki Kuu ya Tanzania tayari ina TIPS, mfumo unaounganisha benki na mitandao ya simu. Inaweza kuanzia kwenye Lipa Namba, ambako jina la mfanyabiashara limekwisha kusajiliwa, na kuweka sharti moja lenye meno: kampuni iliyoendelea kupokea pesa kwa namba iliyokwisha kuripotiwa, bila kuisimamisha, imlipe aliyetuma baada ya ripoti hiyo. Na kila robo mwaka zitangazwe namba zilizoripotiwa kwa kila mtandao, pamoja na saa zilizopita kabla hazijafungwa.