Umeme uanze na bodaboda, shangingi lisubiri

Makamanda, juzi kijiweni hapa Kwa Sadala tumebishana mpaka chai ikapoa: eti gari la umeme linakula nishati nyingi kiwandani kuliko la petroli? Kweli, linakula. Sehemu kubwa inaishia kwenye betri: kuchimba madini, kuyachenjua, kukausha seli. Hilo ni deni, na linalipwa barabarani tu, kwa kilomita.

Sasa piga hesabu. Bodaboda anayepandisha abiria Machame tangu alfajiri, betri yake ndogo, umeme wake mwingi unatoka kwenye maji. Bwawa la Nyerere peke yake ni megawati 2,115. Deni analimaliza mapema. Shangingi la umeme linalolala uani kwa bosi je? Litazeeka nalo.

Kwa hiyo unafuu wa kodi uanzie kwa bodaboda, bajaji na Noah za abiria. Na nikeli ya Kabanga kule Ngara ichenjuliwe hapa hapa, kwa umeme huo huo wa maji: deni linapungua, ajira zinabaki. Kuisafirisha ghafi halafu tuinunue betri? Hapana aisee.

Bajeti ya Juni ikisomwa, mimi natafuta kwanza mstari wa bodaboda.