Fahali Wawili Zizi Moja

Katika miaka yote niliyokuwa mkuu wa chuo cha ualimu sikupata kukubali daftari la mahudhurio lenye akina Juma wawili wasiotofautishwa. Mmoja aliandikwa Juma Ali, wa pili Juma Hamisi, basi. Leo, nikiwa mzee wa zaidi ya miaka sabini, nawaona vijana wenye shahada wakishindwa na jambo hilo hilo.

Wahitimu wetu wameanzisha wiki ya kumbukumbu za walimu wa zamani. Ndani yake mna kigezo, yaani fomu inayotungwa mara moja na kutumika katika kurasa nyingi: kila ukurasa huleta taarifa zake, na kigezo huzipanga. Aliyekitunga alitumia neno “mwaka” kwa mwaka wa kuzaliwa. Akaja mwingine, akatumia neno hilo hilo kwa mwaka wa kuajiriwa. Programu ya MediaWiki, ikipewa thamani mbili kwa jina moja, hushika ya mwisho na kuiacha ya kwanza. Basi marehemu rafiki yangu, aliyezaliwa 1943 na kuajiriwa 1968, akasomeka kuwa alizaliwa mwaka ule ule alioingia darasani kufundisha. Wajukuu zake walicheka. Mjane wake hakucheka.

Nilipouliza, niliambiwa kompyuta imekosea. Nakataa. Programu humwonya anayeutazama ukurasa kwanza kabla ya kuuhifadhi. Wao walihifadhi bila kutazama. Kijana mmoja akashauri tuandike “Mwaka” kwa herufi kubwa na “mwaka” kwa herufi ndogo, kwani mashine huyatofautisha. Ni kweli, huyatofautisha. Lakini je, mwalimu atakayejaza fomu hiyo kesho kutwa atajua? Hiyo si dawa, ni mtego.

Wanasema majina marefu yanachosha. Yanamchosha nani? Anayeandika “mwaka_wa_kuzaliwa” huchoka mara moja. Anayesoma uongo hupotoshwa kila siku. Fahali wawili hawakai zizi moja. Kila jambo lipewe jina lake kamili, kisha zirekebishwe na kurasa zote za zamani, si kigezo peke yake. Zikiachwa, msomaji ataona nafasi tupu au mabano mahali pa mwaka.

Marehemu yule alimwita kila mwanafunzi kwa jina lake kamili. Tumheshimu walau kwa kuuandika sawasawa mwaka wake.