Tusihesabu Kilometa, Tuhesabu Saa za Kukaa

Katika familia zetu za Arusha, Tengeru na Usa River si ajabu siku hizi kusikia kuwa bibi anakwenda Ulaya kumwona mjukuu. Ukoo hukutana, nauli huchangwa, sweta hununuliwa. Kila mtu huuliza: "Ni mbali kiasi gani?" Sisi wauguzi tunaona swali hilo halitoshi. Tuulize pia: "Atakaa kitini kwa muda gani?"

Tuchukue mfano. Kutoka Kiwanja cha Ndege cha Kilimanjaro (KIA), kilichofunguliwa mwaka 1971, hadi Amsterdam ni kama kilometa 6,900 kwa njia ya anga. Ndege isiyotua njiani huchukua saa nane na nusu hivi. Kutoka Arusha hadi Dar es Salaam kwa barabara ni kama kilometa 640 tu, lakini basi huchukua saa kumi hivi. Amsterdam ni mbali zaidi ya mara kumi, lakini miguu haijui kilometa. Kwa miguu ya bibi, safari ya basi ndiyo ndefu zaidi.

Tunapotembea, misuli ya miguu husukuma damu irudi moyoni. Tukikaa muda mrefu magoti yamekunjwa, damu huenda polepole na huweza kuganda ndani ya mshipa. Bonge hilo likikatika na kufika mapafuni, huweza kuua. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilieleza kuwa safari ya saa nne au zaidi huongeza hatari hii mara mbili hivi, iwe kwa ndege, basi, treni au gari dogo. Kwa mtu mwenye afya hatari bado ni ndogo. Lakini ni kubwa zaidi kwa mjamzito, mama aliyejifungua karibuni, aliyepasuliwa, mwenye saratani na aliyewahi kuganda damu.

Tuliwahi kumpokea wodini mama aliyesafiri kwa basi siku nzima bila kunywa maji, akiogopa kuomba gari lisimame. Baada ya siku tatu mguu mmoja ulivimba. Nyumbani wakasema ni uchovu, wakaukanda kwa maji ya moto. Alipoletwa alikuwa anahema kwa shida. Alipona, lakini siku zile tatu zingeweza kumgharimu maisha.

Kwa hiyo tunashauri:

1. Msafiri ainuke na kutembea kila baada ya saa moja au mbili. Akishindwa, achezeshe vifundo vya miguu.
2. Anywe maji, aache pombe.
3. Mwenye kisukari au shinikizo la damu abebe dawa katika mkoba wa mkononi.
4. Asimeze aspirini bila kuagizwa na daktari.
5. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, msiukande. Nendeni hospitali siku hiyohiyo. Akibanwa pumzi au kifua kikimchoma ghafla, msisubiri hata saa moja. Dalili huweza kutokea hata wiki kadhaa baada ya safari.

Tunajua wazee wetu huona haya kumsumbua jirani wa kiti au dereva. Hapo ndipo watoto tuna wajibu. Anayechangia nauli ya mama amfundishe pia kusema: "Samahani mwanangu, naomba nipite." Na madereva wetu, mama akiomba kushuka, msimnung'unikie. Dakika tano za kunyoosha miguu hazimcheleweshi mtu kufika salama.