Dubai si mbali, tatizo ni njia tunayopitishwa

Kutoka Mombasa hadi Dubai, kwa mstari mnyoofu wa angani, ni takriban kilomita 3,700. Ndege ya moja kwa moja hutumia saa tano na dakika kadhaa. Ukiangalia saa za kuondoka na kufika kwenye tiketi utadhani ni zaidi ya saa sita, lakini saa moja si ya safari: Dubai iko mbele yetu kwa saa moja.

Sasa piga hesabu ya Mpwani anayepitia Nairobi. Umbali hauongezeki sana. Mombasa hadi Nairobi kwa ndege ni kama kilomita 420, na Nairobi hadi Dubai ni kama 3,550. Kinachoongezeka ni muda. Treni ya SGR kutoka Miritini hadi Syokimau ni saa tano hivi, na basi ni saa nane au zaidi. JKIA utatakiwa kufika saa tatu kabla. Aliyetoka Lamu au Garsen alianza safari jana yake. Safari ya saa tano inageuka ya siku mbili, na juu yake kuna nauli, chakula na mahali pa kulala.

Wanaolipa gharama hiyo si watalii pekee. Ni vijana wetu wanaokwenda kufanya kazi Ghuba, wafanyabiashara wanaofuata bidhaa Dubai, na familia zenye jamaa Oman. Wazee wetu walivuka kwenda Arabuni kwa majahazi wakisukumwa na kusi, na hawakupitia bara kwanza.

Wanaopinga anga huria wana hoja. Serikali ina asilimia 48.9 ya hisa za Kenya Airways, na shirika hilo linategemea abiria wanaokusanywa Nairobi. Likianguka, mlipa ushuru ataumia. Lakini Emirates na Qatar Airways tayari wanatua JKIA na kushindana nalo hapo hapo nyumbani kwake. Kama ushindani huo unavumilika Nairobi, kwa nini uwe hatari Mombasa?

Januari 2024 flydubai ilianza safari nne kwa wiki kati ya Dubai na Mombasa. Hiyo ilikuwa hatua njema, lakini naona mlango ulifunguliwa nusu tu.

Tusijidanganye pia. Kibali peke yake hakijazi ndege. Baada ya Pasaka wageni hupungua, na shirika lolote litauliza nani atakalia viti Mei na Juni. Jibu liko kwa abiria wetu wa Ghuba, ambao hawasafiri kwa msimu wa watalii, na kwa mizigo kama samaki na maembe.

Wabunge wetu wa Pwani hawahitaji kuanza na hotuba. Waulize maswali mawili bungeni: ni mashirika gani yameomba kutua Mombasa yakanyimwa, na kwa sababu gani? Tukipata majibu hayo kwa maandishi, ndipo tutajua tunabishana na nani.