Damu nayo ina njia zake za panya

Mgonjwa wa kiharusi akifikishwa hospitali, swali la kwanza huwa lile lile: ilianza saa ngapi? Swali hilo lina uzito wake. Mwaka 2006 daktari Mmarekani Jeffrey Saver alikokotoa kwamba mshipa mkubwa wa ubongo ukiziba, seli za neva milioni 1.9 hufa kila dakika. Huo lakini ni wastani. Watu wawili wanaweza kuzibwa mshipa ule ule saa ile ile, mmoja akakutwa eneo lote limekwisha kufa, mwenzake sehemu kubwa ikiwa bado hai.

Kinachowatofautisha mara nyingi ni njia za panya. Barabara kuu ikifungwa, damu hupenya kwenye vijimishipa vinavyounganisha mishipa ya juu ya ubongo, au huzungukia duara la mishipa lililo chini yake, ambalo Mwingereza Thomas Willis alilieleza mwaka 1664. Kuna waliojaliwa njia nyingi na kuna wenye chache. Uzee nao huzipunguza. Kwa kumtazama mgonjwa tu, hata daktari bingwa hawezi kuziona.

Mashine ya CT inaziona. Mgonjwa huchomwa mkononi dawa ya kung'arisha mishipa, kisha hupigwa picha za kichwa mara tatu, kwa kupishana sekunde chache. Picha ya kwanza hunasa damu iliyopita njia kuu. Ya pili na ya tatu hunasa ile iliyozunguka ikachelewa. Hakuna kupasua, wala mrija wa kupenyezwa kutoka pajani hadi shingoni.

Utafiti wa ESCAPE, ulioongozwa kutoka Calgary nchini Kanada na kuchapishwa mwaka 2015, ulichagua wagonjwa kwa picha za namna hiyo: aliyekosa njia za pembeni za kuridhisha hakuingizwa. Waliotolewa bonge la damu lililoziba, kwa katheta (mrija unaopenyezwa mshipani), asilimia 53 walikuwa wanajitegemea baada ya siku 90. Waliopata tiba ya kawaida pekee walikuwa asilimia 29.

Ndiyo maana kumwambia mtu "umechelewa" kwa kutazama saa ya ukutani peke yake ni uamuzi wa haraka mno. Tanzania imekwisha kupeleka mashine za CT katika hospitali za rufaa za mikoa. Kumfundisha mtaalamu wa mionzi kupiga na kusoma picha tatu badala ya moja ni gharama ndogo ukilinganisha na bei ya mashine yenyewe. Kweli, wenye ujuzi wa kutoa bonge kwa katheta ni wachache mno. Lakini uchache huo ndio unaoipa picha thamani: inasaidia kujua nani akimbizwe kwa ambulensi usiku huo huo, na nani safari ndefu itamtesa bure.

Waholanzi walikwenda mbali zaidi. Katika MR CLEAN-LATE, utafiti uliotoka mwaka 2023, waliwapokea waliofika kati ya saa 6 na 24 baada ya kuugua, ilimradi picha ionyeshe njia za pembeni, hata zikiwa hafifu. Waliotolewa bonge walipona vizuri zaidi kuliko wenzao, ingawa kuvuja damu ubongoni kuliwapata asilimia 7 yao, dhidi ya 2. Hesabu hiyo ya faida na hatari ndiyo familia inayopaswa kuelezwa, picha ikiwa mezani, kabla ya kutia saini.