Mitandao ya kijamii: Faida ambayo mawakili wakongwe hawaioni

CHEMA chajiuza, kibaya chajitembeza. Ndiyo methali wanayoishika mawakili wengi wa makamo kila wanapohimizwa na wenzao wachanga kutumia mitandao ya kijamii. Kwao, wakili anayejianika kwenye Facebook au X ni sawa na mpiga debe wa matatu.

Msimamo huo haukuzuka hivi hivi. Kwa miongo mingi kanuni za taaluma ziliwaharamishia mawakili nchini kujitangaza. Ni mwaka wa 2012 ambapo Jaji David Majanja wa Mahakama Kuu aliamua kwamba marufuku hiyo ilikiuka Kifungu cha 46 cha Katiba, kinachowapa watumiaji wa huduma haki ya kupata habari wanazohitaji. Kanuni mpya za matangazo zilifuata mwaka wa 2014. Sheria basi ilikwisha kufungua mlango. Kinachowazuia wengi kuingia ni shaka.

Shaka yenyewe hutokana na kutumia mizani isiyofaa. Mwuza viatu wa Gikomba huweka picha za bidhaa zake kwenye WhatsApp asubuhi, na kufikia adhuhuri M-Pesa imemweleza kama picha zimezaa matunda. Wakili hana bahati hiyo. Hakuna mtu anayegawanya mirathi kila wiki. Anayesoma leo maelezo ya wakili kuhusu mirathi huenda asimhitaji hadi baada ya miaka mitatu, mzazi wake atakapofariki. Kwa hivyo, anayehesabu wateja walioletwa na mtandao mwezi huu atapata sifuri, kisha atangaze kwamba upuuzi huo alijua hauna faida.

Wakongwe hao husisitiza kuwa wateja wao huletwa na sifa inayopita mdomo kwa mdomo. Ni kweli, lakini safari ya sifa hiyo imebadilika. Mtu hupewa jina la wakili na shemeji yake, na kabla ya kupiga simu hulitafuta jina hilo kwenye intaneti. Akikuta kimya, au tovuti yenye anwani ya afisi iliyohamwa kitambo, atajaribu jina la pili. Hasara hiyo haiandikwi katika kitabu chochote cha hesabu, maana mteja ambaye hakupiga simu hatoi sababu.

Na hamu ya kuelezwa sheria ipo. Juni 2024, vijana waliupinga Mswada wa Fedha kwa kuuchambua kifungu kwa kifungu kwenye X na TikTok, hadi Rais William Ruto akakataa kuutia sahihi. Waliojitokeza kufafanua vipengele vya kodi kwa lugha nyepesi hawakuwa wakiuza chochote, ila walisikizwa na watu ambao matangazo ya kulipiwa yasingewafikia. Wataalamu wanaponyamaza, ni matapeli watakaoshika usukani.

Hata hivyo, wenye shaka wana hoja moja nzito: siri ya mteja. Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja faini ya Sh4.55 milioni kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Wakili anayesambaza picha yake na mteja kwenye ngazi za mahakama, huku akijigamba kwa ushindi, anacheza na moto. Vivyo hivyo kwa anayemjibu mtu asiyemjua hadharani kuhusu shamba lenye mzozo, pasipo kuona hati hata moja.

Ndiyo maana kumwachia kijana wa mapokezi kurasa za kampuni, kama inavyofanyika aghalabu, ni kosa. Aliyebobea katika sheria za ardhi ndiye anayefaa kuandika, hata kama ni nusu saa kwa wiki, namna mnunuzi anavyoweza kuthibitisha hati miliki kabla ya kulipa.

Kijana wa mapokezi naye ana kazi nyingine. Na amwulize kila mteja mpya alikopata jina la wakili na alichosoma kabla ya kuja, kisha aandike majibu daftarini. Mwaka ukiisha, mawakili washirika watakuwa na takwimu zao wenyewe za kubishania.