Usichome matawi, mchongee mzee mkongojo

Wahenga walisema kujikwaa si kuanguka. Msemo huo unawafaa vijana. Kwa bibi wa miaka 75 ambaye mifupa yake imepungua nguvu, kujikwaa mara nyingi ndiko kuanguka, na kuanguka mara moja kwaweza kumlaza kitandani asiinuke tena. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka kwa sababu ya kuanguka, na walio wengi ni wale waliopita miaka 60.

Ndugu msomaji, huku kwetu Kwale mimi huwaona wazee hawa wakiletwa wameteguka kiwiko au wamevunjika nyonga. Nikiwauliza kama wana mkongojo, baadhi yao hucheka na kuniambia, "Mwanangu, mimi bado sijafika huko." Wengine huja na mpini wa ufagio, mrefu kuwapita kifua, tena wameushika mkono usiofaa.

Wakati huohuo, baada ya mvua za masika, kuanzia Diani hadi Msambweni watu hupogoa miti ya uani. Matawi hurundikwa nyuma ya nyumba, yakikauka yakatiwa moto. Maoni yangu ni kwamba katika rundo lile tunachoma miguu ya tatu ya wazee wetu.

Kabla ya kuwasha kiberiti, chagua tawi lililonyooka, unene wake uenee vizuri kiganjani. Mpera, mkwaju na mndimu zina miti migumu. Tupa lenye ufa au matundu ya wadudu. Usiguse mnyaa, ule upandwao kuwa ua, kwani utomvu wake huunguza macho. Utomvu wa mwembe na mkorosho nao huwawasha watu wengine ngozi. Wala usiende kukata kwenye kaya. Misitu ya kaya za Mijikenda, Kaya Kinondo ikiwemo, imo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2008, na wazee wa kaya walikataza kukata miti humo zamani kabla ya hapo. Mti wa uani unatosha.

Ambua magome, paka rangi au nta kwenye ncha zote mbili ili tawi lisipasuke, kisha uliweke kivulini wiki kadhaa hadi likauke. Usilianike juani. Likikauka, lipige msasa hadi lisiwe na kibanzi cha kumchoma mzee. Kama huna mkono wa useremala, mpelekee fundi akutilie kishikio cha kulala, kwani kirungu cha mviringo huchosha vidole vyenye baridi yabisi.

Kipimo ndicho kinachokosewa zaidi. Mwambie mzee asimame wima akiwa amevaa viatu vyake vya kila siku, mikono ikining'inia. Kichwa cha mkongojo kifike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono. Akiushika, kiwiko kipinde kidogo tu. Chini tia raba isiyoteleza. Zile zinazouzwa madukani ndizo bora, nawe uibadilishe ikilika. Mkongojo usio na raba juu ya sakafu ya saruji iliyolowa ni hatari kuliko kutokuwa nao. Mwisho, uegemee wewe kwanza kwa uzito wako wote. Ukilia au ukipinda, huo ni kuni.

Mkongojo hushikwa upande wa mguu mzima, si upande wa mguu mbovu. Mkongojo na mguu mbovu huenda mbele pamoja, kisha mguu mzima hufuata. Kupanda ngazi, mguu mzima hutangulia. Kushuka, mkongojo na mguu mbovu ndio hutangulia.

Hata hivyo mkongojo si dawa. Mzee anayeona kizunguzungu, aliyeanguka zaidi ya mara moja, au asiyeona vizuri, apelekwe kupimwa. Akilegea ghafla upande mmoja wa mwili au mdomo ukienda upande, huenda ni kiharusi. Mkimbize hospitali saa hiyohiyo.

Imebaki ile aibu. Tukumbuke kwamba hapa pwani bakora ilikuwa pambo la mtu wa heshima, akiichukua kwenda msikitini na harusini. Basi usimpe mzee wako fimbo kama mtu aliyeshindwa. Mchongee nzuri, ipake mafuta ing'ae, umkabidhi mbele ya wajukuu. Anayejifungia ndani kwa kuogopa kuanguka hudhoofika miguu, na akidhoofika ndipo huanguka kwa urahisi zaidi. Tawi moja la mpera laweza kumrudisha barazani kwa wenzake. Litazame rundo lako leo, kabla halijawa majivu.